Kuvimba Miguu Wakati wa Ujauzito: Yanayosaidia Nyumbani na Yasiyostahili Kusubiri

Hapa Kigoma, mjamzito anapoanza kuvimba miguu, ushauri wa kwanza anaoupata kwa majirani mara nyingi ni kupunguza maji ya kunywa, na wa pili ni kutulia tu, kwa kuwa inasemekana ni dalili ya mtoto wa kiume au ya mapacha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Ujiji, nimebeba mimba mbili nikiwa nasimama ubaoni karibu siku nzima, na ushauri huo wote wawili naupinga kwa dhati. Uvimbe mwingi wa ujauzito hauna madhara na unaweza kupunguzwa nyumbani, lakini ni lazima mama mwenyewe ajifunze kuutambua uvimbe wake, ili siku ukibadilika asiendelee kuutibu kwa beseni la maji wakati anahitaji daktari.

Katika ujauzito damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, na wakati huohuo mji wa mimba unaokua huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni kwenda kwenye moyo. Damu ikichelewa kupanda, maji yake huvuja kidogo kidogo na kutuama kwenye nyayo na vifundo vya miguu. Ndiyo sababu uvimbe wa kawaida hukua kadiri siku inavyosonga, huzidi kwenye joto kama lile letu la Septemba na Oktoba kabla mvua hazijakolea, na hupungua usiku mama anapolala. Jioni nilikuwa nikivua viatu naona mikanda imeacha mifereji juu ya mguu, na nikibonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde chache kinabaki kishimo kinachojaa taratibu. Asubuhi nilibonyeza palepale kabla ya kushuka kitandani, na kwa kawaida kishimo hakikuwepo. Kipimo hicho kidogo cha asubuhi nakipendekeza kwa kila mjamzito.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kulala kwa ubavu wa kushoto. Mshipa niliouta­ja hupita upande wa kulia wa uti wa mgongo, kwa hiyo mama akilalia kushoto uzito wa mimba huuachia nafasi. Niliweka mto mmoja katikati ya magoti na khanga zilizokunjwa chini ya miguu ili iinuke juu kidogo ya usawa wa moyo. Mchana, nikitoka shuleni, nilijinyoosha hivyo kwa dakika kama 20 kabla ya kugusa kazi nyingine yoyote, na familia ilielewa kwamba muda huo si wa uvivu. Kukaa kwenye kiti na kuweka miguu juu ya kigoda kunasaidia pia, ila si kwa kiasi hicho, na kulala chali katika miezi ya mwisho sikushauri, kwa kuwa ndiko kunakoukandamiza mshipa huo zaidi na wengine huishia kupata kizunguzungu.

Misuli ya mashavu ya miguu inapokaza na kulegea husukuma damu juu, kwa hiyo mtu asisimame kwa muda mrefu bila kutikisika, na wala asikae hivyo. Darasani nilizoea kuinua visigino na kuvishusha huku wanafunzi wakinakili, na wakati wa kusahihisha madaftari nilizungusha vifundo vya miguu chini ya meza bila kupandanisha mguu juu ya mwingine. Anayesafiri kwa treni kwenda Tabora ainuke mara kwa mara atembee kwenye behewa. Soksi maalumu za kubana miguu nazo zinafaa sana, lakini mtu aulize kwanza kliniki zinazomfaa, na azivae asubuhi kabla ya kushuka kitandani, miguu ikiwa bado haijajaa.

Kuhusu maji ya kunywa, mwili usiopata maji ya kutosha huyang'ang'ania yale uliyonayo, hivyo kujinyima hakuondoi uvimbe na kunaweza kumdhuru mama. Kadhalika, asinunue kwa hiari yake vidonge vya kukojosha wala asinywe mitishamba ya kazi hiyo. Chumvi ipungue bila kukatazwa kabisa. Migebuka iliyokaushwa kwa chumvi mimi niliiloweka kwanza na kumwaga yale maji, na dagaa sikuwaacha, kwa kuwa mjamzito anahitaji protini na madini yaliyomo ndani yao. Mama mkwe wangu alikuwa akinikandia miguu kwa mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, akianzia kwenye vidole kupanda magotini, taratibu, na nilipata nafuu kubwa. Maji ya beseni yawe ya baridi au ya uvuguvugu tu, kwa sababu maji ya moto hutanua mishipa.

Sasa niseme yale ambayo hayatibiwi nyumbani hata kidogo. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma na kuwa na joto, usikandwe, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Uvimbe unaotokea ghafla usoni, kuzunguka macho au mikononi hadi pete ikagoma kutoka, hasa ukiambatana na kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, kupumua kwa shida au maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, ni dalili za kutangulia kifafa cha mimba, na mama aende hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Baada ya wiki ya 20 presha ikifika 140/90 au zaidi ni ya kushughulikiwa, nayo inaweza kupanda mama asihisi lolote. Kwa hiyo kila hudhurio la kliniki hakikisha presha na mkojo vimepimwa na majibu yameandikwa kwenye kadi, na ukiona muuguzi amezidiwa na foleni, mwombe kwa heshima, usiondoke bila kupimwa. Upungufu wa damu nao huweza kuleta uvimbe, na vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa si vya kuweka kabatini.

Baada ya kujifungua miguu inaweza kuvimba zaidi kwa siku chache kabla ya kunywea, jambo ambalo ni la kawaida. Hata hivyo kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa, kwa hiyo mzazi anayelalamika kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu katika wiki 6 za mwanzo arudishwe hospitali, asiambiwe kwamba ni uchovu wa kulea.