Uliza Fundi: Nianze na kitanda au na kabati?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba: msumeno wa mkono na wa umeme, randa, patasi nne, drili na vibano sita. Nimeshatengeneza stuli, meza, na kabati dogo la vitabu ambalo milango yake hukwama kila hewa ikiwa na unyevu. Sasa nataka kutengeneza seti nzima ya chumba chetu cha kulala: kitanda, vimeza viwili vya pembeni, meza ya kujipambia na kabati la nguo. Mbao nitanunua kidogo kidogo, kadiri ninavyopata. Mke wangu anasema nianze na kitanda, ndicho tunachokihitaji zaidi. Nianze na kipi, na nifanyeje ili vyote vifanane?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika barua yako yote, maneno yaliyonishtua ni mawili tu: kidogo kidogo.

Seti yangu ya kwanza niliijenga hivyo hivyo. Kitanda nikakimaliza, nikakipiga vanishi, tukakilalia. Miezi minane baadaye nikarudi kununua mbao za kabati, aina ile ile, kwa muuzaji yule yule. Kitanda kilikuwa na rangi ya asali. Kabati likatoka jekundu, nyuzi zake pana, kama ndugu wa kambo. Nikalipaka rangi mara mbili kulivuta lifanane na kitanda, likazidi kuwa jeusi tu. Mti mmoja haufanani na mwingine hata kama imeota shamba moja, na tangu siku ile seti ninaihesabu kuwa kazi moja yenye vipande vitano.

Kwa hiyo subiri. Weka pesa mpaka mbao zote zinunuliwe siku moja, kutoka rundo moja. Zikifika nyumbani zipange kivulini, kila ubao utenganishwe na mwenzake kwa vijiti vya unene sawa ili hewa ipite, na ziache wiki kadhaa zizoee hewa ya mahali zitakapoishi. Kisha zimwagie maji kidogo moja moja: nyuzi zinajitokeza, unaona ubao upi ni mzuri. Hapo ndipo unachukua chaki na kugawa. Mbao nzuri kuliko zote ni za mchago (upande wa kichwani mwa kitanda), milango ya kabati na nyuso za droo, maana ndipo jicho linapotua. Zenye vifundo ziende kwenye mifumbati (mbao ndefu za ubavuni mwa kitanda) upande wa ndani, migongo na chaga zinazobeba godoro. Nyuso za droo za kimeza kimoja zikate kutoka ubao mmoja kwa mfuatano, nyuzi ziteremke kutoka droo ya juu hadi ya chini bila kukatika. Hilo peke yake linaipa seti heshima kuliko nakshi yoyote.

Anza na kimeza cha pembeni. Mkeo ana haki yake, lakini kimeza kina kila kitu kitakachokusumbua baadaye: miguu, kiungo cha ulimi unaoingia kwenye tundu, droo, bapa la juu. Ukikosea, umeharibu vipande vifupi. Kwenye kimeza ndipo unapoamua unene wa bapa (mimi hutumia milimita 22), mguu unapungua kiasi gani kwenda chini, na kingo unazivunja kwa mviringo gani. Ukishaamua, usibadilishe. Matendegu ya kitanda yapungue kwa mteremko ule ule, kingo za meza ya kujipambia ziwe na mviringo ule ule.

Vipimo usivipeleke kwa futi ya kupimia kutoka kipande hadi kipande. Chukua kijiti kilichonyooka, uweke alama zote juu yake kwa kisu: kimo cha kimeza, mstari wa kila droo, kimo cha mfumbati. Kijiti hicho ukitumie mpaka kazi iishe. Futi unaweza kuisoma vibaya saa kumi na moja jioni, kijiti hakisomwi. Godoro nalo lipime lenyewe, usiamini maandishi ya lebo, halafu bapa la kimeza liwe usawa na uso wa godoro au chini yake kidogo.

Sasa hiyo milango yako. Ubao hautanuki kwa urefu, hutanuka kwa upana. Mlango wa mbao nzima wenye upana wa sentimita 50 unaweza kubadilika milimita 5 kati ya hewa kavu na hewa yenye unyevu, ndiyo maana unakwama. Tengeneza fremu ya mbao nyembamba, uichimbie mfereji ndani, kisha bapa la kati likae humo bila gundi, likiachiwa nafasi ya milimita 3 kila upande. Litatanuka na kusinyaa ndani ya mfereji, fremu haitajua. Bapa la kati lipake vanishi kabla hujafunga fremu, la sivyo likisinyaa litaonyesha mstari mweupe.

Kabati la nguo lipe kina cha sentimita 60, henga zikae bila kubanwa na mlango. Na ulitengeneze la kufungwa kwa boliti, lisimamishwe chumbani. Niliunga moja la kimo cha sentimita 220 likiwa limelala sakafuni kwenye chumba chenye dari la 225, nikidhani nimebakiza nafasi. Tulipoliinua kona ikagonga dari katikati ya safari, kwa sababu kabati hilo kutoka kona hadi kona ni sentimita 228. Tulilikata miguu mle mle chumbani, na lilikuwa la mteja.

Ukiacha yale mabapa ya kati ya milango, vanishi iwe ya mwisho, kwa vipande vyote pamoja. Piga msasa namba 120, kisha 180, na uishie hapo kila mahali. Mbao iliyosuguliwa kwa msasa laini zaidi hunywa rangi kidogo, kwa hiyo kimeza cha 240 kando ya kitanda cha 180 vitatofautiana hata kwa kopo moja. Makopo yote ya rangi yamwage kwenye ndoo moja, ukoroge, ndipo uanze, na ujaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki vya mbao zile zile. Kama ni mtiki, ufute viungo kwa spiriti kabla ya gundi, maana mtiki una mafuta.

Na kwa kuwa karakana yako iko nyumbani: vitambaa vyenye mafuta ya kitani (linseed) usivikunje na kuvitupa kwenye pipa. Hupata joto vyenyewe mpaka vikawaka. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vikawa vigumu.