Mtafuteni Aliyeacha Kuja: Namna ya Kupima Programu za Afya katika Klabu za Michezo za Mtaani

Katika daftari la mahudhurio la klabu moja ya jogging hapa Tanga kuna majina ambayo kwa muda mrefu sikuyajali: yale yaliyoandikwa mara mbili au tatu, kisha yakakoma. Nilikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na nilipoombwa kusaidia programu ya afya katika klabu hiyo, pamoja na timu ya maveterani inayotumia uwanja huohuo mitaa ya Makorora, niliyahesabu majina yaliyofika mpaka mwisho, nikawapima wenyewe, nikaandika taarifa. Taarifa ile ilikuwa na makosa matatu makubwa, na yote matatu yaliifanya programu ionekane bora kuliko ilivyokuwa. Nayaeleza hapa kwa sababu viongozi wa klabu wanaoandaa mabonanza ya kupima presha na sukari huniuliza watajuaje kama kazi yao inawafaa watu, na swali hilo linastahili jibu la kweli.

Programu ilikuwa ya wiki 12. Alfajiri ya kila Jumamosi watu walikimbia mchakamchaka kutoka Makorora kupitia Chumbageni hadi Raskazone, wakanyoosha viungo kando ya bahari, kisha wakakaa nusu saa kusikiliza mada moja: chumvi, sigara, sukari katika chai na soda, usingizi, presha. Siku ya ufunguzi tulifanya bonanza na tukawapima watu mara tu walipomaliza kukimbia, wakiwa wamesimama foleni juani huku muziki ukipigwa kwa sauti kubwa. Siku ya kufunga tuliwapima asubuhi, wamekaa chini ya mwembe, kwa utulivu. Wastani wa presha ulishuka, mfadhili akafurahi, nami nikaamini.

Miezi miwili baadaye nilimkuta mzee mmoja wa timu ya maveterani kwenye baraza la kahawa, Ngamiani. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, mbona umetupotea?" Akaitikia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sista, siku ile mlinipima mbele ya vijana, mkatamka kwa sauti kwamba presha yangu iko juu. Tangu hapo kila nikigusa mpira wananionea huruma. Nikaona bora nikae." Jioni ile nililifungua daftari upya, nikalinganisha majina ya siku ya kwanza na ya siku ya mwisho. Wengi wa wale ambao vipimo vyao vilikuwa juu kupita wengine siku ya bonanza hawakuwapo siku ya kufunga. Wastani ulishuka, kwa sehemu kubwa, kwa sababu wenye presha walikuwa wametoka katika hesabu, na kama programu yetu iliwagusa, iliwagusa kwa kuwafukuza.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Mtu aliyepimwa mwanzoni ni wa hesabu yako mpaka mwisho, amekuja au hakuja. Usipompata uwanjani, mfuate nyumbani au kazini, mpime huko. Usipompata kabisa, andika kwamba hakupatikana na utaje idadi ya wa namna yake wazi katika taarifa. Linganisha pia vipimo vya mwanzo vya waliobaki na vya walioondoka, kwa sababu tofauti hiyo peke yake hukueleza klabu yako inawafaa watu gani.

Kosa la pili lilikuwa la kupima katika hali mbili zisizofanana. Kila muuguzi anajua kwamba mtu hupumzika dakika 5 ameketi, mgongo umeegemea, miguu imegusa chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, na kwamba kwa nusu saa kabla ya hapo hakukimbia, hakuvuta sigara wala hakunywa kahawa. Mkanda wa mashine nao uwe na ukubwa unaolingana na mkono, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko iliyopo. Nilijua haya yote kwa miaka mingi ya wodini, na shamrashamra za bonanza zikanifanya niyaweke kando. Klabu ikitaka bonanza, na ifanye bonanza, lakini vipimo vya tathmini vichukuliwe siku nyingine, mahali palepale na saa ileile kwa awamu zote.

Kosa la tatu ni gumu kulieleza, nami huwaeleza wenzangu kwa maji ya bahari. Presha ya mtu haitulii mahali pamoja. Hupanda na kushuka siku hadi siku. Ukiwachagua watu kwa sababu siku hiyo vipimo vyao vilikuwa juu, ukiwapima tena wengi watakuwa wameshuka hata kama hawakufanya lolote, kama vile anayekwenda Raskazone maji yamejaa, akirudi saa sita baadaye atakuta yamekupwa bila mtu kuyachota. Kwa hiyo kushuka kwa presha za waliokuwa juu hakuthibitishi kitu mpaka ujue zingeshuka kiasi gani bila programu. Hapo ndipo panapohitajika kundi la kulinganisha nalo.

Kutoka Uskoti kuna mfano ninaoupenda. Programu iitwayo Football Fans in Training iliwaalika wanaume wenye uzito mkubwa, wa umri wa miaka 35 hadi 65, kufanya mazoezi na kujifunza ulaji bora katika viwanja vya klabu za mpira wanazozishabikia. Watafiti waliandikisha wanaume 747 katika klabu 13, wakawagawa kwa kura: kundi moja likaanza mara moja, jingine likasubiri miezi 12. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja walioanza mapema walikuwa wamepunguza karibu kilo 5 zaidi ya waliosubiri. Kinachonigusa zaidi ni kwamba takriban tisa kati ya kila kumi walipimwa tena mwishoni. Hata kuacha vipindi hakukumtoa mtu katika hesabu.

Sisi hatuna fedha za utafiti wa namna hiyo, lakini kusubiri kwa zamu kunawezekana. Klabu mbili za kata jirani zikubaliane kwa kura ipi itaanza na ipi itafuata miezi mitatu baadaye, zote zipimwe katika wiki moja mwanzoni na katika wiki moja mwishoni, na hakuna atakayenyimwa huduma, kwani anayesubiri anajua tarehe yake. Hata hivyo klabu mbili zibaki kuwa klabu mbili katika mawazo yenu, hata zikiwa na wanachama 100. Watu wa klabu moja hufundishwa na mwalimu mmoja, hula kwa mama ntilie mmoja na huigana tabia. Aliyeonja machungwa 40 ya mchungwa mmoja wa Muheza ameujua mchungwa huo, lakini shamba bado hajalijua. Ndiyo maana mwenye nia ya kuueleza mkoa mzima kwamba programu inafaa anahitaji klabu nyingi zaidi, kuliko watu wengi zaidi ndani ya klabu zilezile.

Kalenda nayo ni ya kuangaliwa. Mwaka mmoja tulipima uzito kabla ya Ramadhani na kurudia baada ya Idi, tukashindwa kutenganisha kazi ya programu na kazi ya mwezi wenyewe, ambao hubadilisha saa za kula, usingizi na mazoezi. Masika pia hujaza viwanja maji, na mahudhurio hushuka bila kosa la mtu.

Yapo mengi ya kupima zaidi ya presha na uzito. Mwaka 1999 wataalamu watatu wa Marekani, Glasgow, Vogt na Boles, walitoa utaratibu ambao umetumika mno tangu hapo, nao huuliza mambo matano: programu iliwafikia watu gani na kwa kiasi gani, ilileta mabadiliko gani, klabu ngapi kati ya zilizoalikwa zilikubali kuipokea, ilitekelezwa kama ilivyopangwa, na je, ilidumu. Nimeona taarifa nyingi zinazojibu la pili peke yake. Mimi huanza na la kwanza, maana klabu ya jogging huwavuta kwanza wale ambao tayari wanakimbia. Idadi ya waliohudhuria haina maana mpaka iwekwe kando ya idadi ya watu ambao wangeweza kuja, na ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuwasaidia kuikadiria. Kisha angalieni ni nani hayumo kabisa: kina mama wa umri wa makamo, wenye ulemavu, madereva wa bodaboda, wanaofanya kazi za zamu.

Tulipouliza hivyo, tuligundua kwamba timu ya mpira wa pete, ambayo katika taarifa yetu ilihesabiwa kuwa sehemu ya programu, ilikuwa imepewa uwanja saa za jioni kabisa, karibu na Magharibi, wakati ambao wanawake wengi wanatakiwa nyumbani. Mada za afya zilitolewa baada ya mazoezi, na wao walikuwa wameshaondoka. Hawakukataa chochote, ratiba ndiyo iliyowatoa. Dodoso la wanachama lisingelionyesha hilo, kwa kuwa lilijazwa na waliobaki.

Na kuhusu dodoso, chunguzeni maneno yenu. Tuliuliza, "Je, unafanya mazoezi?" Mama mmoja akajibu hapana, ilhali kila siku anaendesha baiskeli kwenda sokoni na kurudi na mzigo, anachota maji na analima. Kwa watu wetu neno mazoezi ni uwanja na jezi. Dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima shughuli za mwili hutenganisha kazi, safari za miguu au baiskeli, na michezo ya wakati wa mapumziko, na katika mji wa baiskeli kama Tanga utengano huo ni wa lazima. Shirika hilohilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani. Mama yule alikuwa ameshazipita, na alichohitaji kwa klabu kilikuwa kingine kabisa, yaani kupimwa presha na kupata marafiki. Anayeuliza maswali naye asiwe mwalimu wa timu, maana mchezaji atamjibu mwalimu wake lile analotaka kusikia. Ulizeni habari za jana na za juzi, msiulize "kwa kawaida".

Halafu ipimeni klabu yenyewe. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, ule wa kimataifa wa kukuza afya, uliweka wazi kwamba afya hujengwa mahali watu wanapoishi maisha yao ya kila siku, pamoja na wanapocheza. Nchini Australia programu ya Good Sports, iliyoanza mwaka 2000 kwa kushughulikia ulevi katika klabu za michezo, huzipandisha klabu daraja kwa yale ambayo klabu inayafanya, hivyo wanaopima huangalia taratibu za klabu pamoja na tabia za wanachama. Kwetu uwanjani tulitumia karatasi moja, watu wawili wakiijaza bila kushauriana: je, maji safi ya kunywa yapo, na ni rahisi kuliko soda, je, wachezaji wa akiba na viongozi wanavuta sigara kwenye benchi, je, sanduku la huduma ya kwanza lina vitu ndani, choo kinafungika, wanawake wana saa yao. Katika mwaka wa pili ndoo ya maji yenye koki iliyowekwa kando ya uwanja ilibadilisha mambo ambayo mada zetu tatu kuhusu sukari hazikuyabadilisha.

Lazima niseme pia juu ya wajibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini ana presha ya juu, kwa hiyo klabu yenye watu wazima 40 ijiandae kukuta karibu 10. Msimpime mtu kama hamjui mtampeleka wapi. Zungumzeni kwanza na zahanati au kituo cha afya cha kata, mjue ni lini wanapokea. Vipimo vya 140 kwa 90 na kuendelea virudiwe siku nyingine, na anayefika 180 kwa 120 apelekwe siku hiyohiyo. Matokeo ya mtu aambiwe mwenyewe, pembeni, kwa sauti ya chini. Na mkikusudia kuchapisha matokeo kama utafiti wa afya, kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu au kamati inayotambuliwa kitafutwe kabla ya kipimo cha kwanza.

Suala la kudumu mtalijua tu kwa kurudi. Mimi hurudi baada ya mwaka, fedha za mfadhili zimekwisha, nikauliza mashine ya presha iko kwa nani na betri hununuliwa na nani. Katika klabu moja mashine ilikuwa kabatini kwa katibu aliyehama mtaa.

Daftari la Makorora sasa lina safu moja zaidi, ya sababu ya kutokuja, na mzee yule wa baraza la kahawa ndiye aliyeombwa kuijaza. Hupita kwa baiskeli baada ya Alasiri, hukaa na watu, huuliza kwanza habari za nyumbani. Jumamosi iliyopita alileta sababu tatu: mmoja amehamia Korogwe, mmoja mguu umevimba, na mmoja jezi yake imechanika akaona haya kuja bila jezi. Ya jezi imemalizwa na mfuko wa klabu, na ya mguu nilikwenda kuiangalia mwenyewe jioni ileile.