Sakafu ya bibi, Mikindani

Mmeuliza wiki hii: mianya kati ya mbao za sakafu kuukuu izibwe kwa kitu gani? Mimi nitaanza na izibwe lini, maana hapo ndipo tulipoumia. Na msimamo wangu niuseme mapema: iacheni.

Nyumba ya bibi mzaa mama ni ya matumbawe, duka chini, sisi juu. Sakafu ya juu ni mbao pana za mkongo. Usiku taa ya dukani ikiwashwa, mistari ya mwanga ilipanda hadi kwenye chandarua changu. Shilingi ikikuponyoka, imekwenda kwa mpangaji.

Mwaka mmoja, mwezi wa tisa, mjomba aliamua kuziba. Huku kwetu, pwani ya kusini ya Tanzania, msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Septemba mbao zimekauka hasa na mianya imepanuka. Kidole changu cha mwisho kilipita. Akachanganya unga wa msumeno na gundi nyeupe, akashindilia, akapiga msasa siku tatu mfululizo. Bibi aliinama akapitisha kiganja sakafuni polepole, kama anayekagua mkeka mpya. "Ahsante baba," akamwambia. Ilipendeza kweli, sitasema uongo.

Mvua zikaja. Ubao hunywa unyevu ukatanuka kwa upana, urefu wake haubadiliki sana. Zile mbao zikakosa pa kwenda. Usiku mmoja wa Februari tulisikia mlio kama wa tawi kukatika, na asubuhi ubao wa kando ya dirisha ulikuwa umebenuka, misumari miwili imechomoza vichwa. Bibi alijikwaa hapo hapo, alfajiri, akienda kutawadha. Goti lilivimba wiki nzima. Mjomba alikaa mbele ya ule ubao, nyundo mapajani, na hakuupiga hata mara moja. Kiangazi kiliporudi mbao zikasinyaa, gundi ikiwa ngumu kama kokoto ikaachia upande mmoja, ikawa inadondoka vipande vipande kwenye magunia ya mchele ya mpangaji.

Aliyetuokoa ni fundi wa majahazi, jirani. Alisema chombo hukalafatiwa, yaani huzibwa mianya ya mbao zake, kwa pamba kwa sababu pamba hubonyea mbao zikivimba. Mjomba akakwangua gundi yote kwa ncha ya patasi, mwanya kwa mwanya, kisha akasokota kamba nyembamba ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, na kuisukuma ndani kwa kipande cha mti butu, chini kidogo ya uso wa ubao. Hakuweka gundi hata tone.

Kamba ile imepita misimu mingi na bado ipo. Kwa hiyo siwezi kusema tena iacheni. Zibeni, ila kwa kitu kinachobonyea, na ule mwanya mwembamba usiopitisha kamba msiuguse. Kwanza lakini kagueni boriti za chini; kama mchwa wameingia, au mbao zinacheza ukikanyaga, kamba haitasaidia kitu. Na nasemea nyumba za pwani yetu tu, sijui bara kukavu kukoje.

Kando ya dirisha usumba umeshalegea. Usumba mpya nimeshaununua, na Septemba hii nitausokota na mtoto wa dada yangu, yeye ashike upande wa pili.