Babu alivuka daraja gani pale Kyaka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu alikuwa mgambo katika vita vya Kagera. Anasema alivuka mto pale Kyaka kwa daraja, usiku, magari yamezimwa taa. Shuleni tumefundishwa kwamba daraja hilo lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin. Binamu zangu wanamcheka, eti uzee umemchanganya. Ukweli ni upi?
Mjukuu, Urambo, Tabora

JIBU: Marahaba mjukuu. Waambie binamu zako waache kumcheka mzee. Kitabu kinasema kweli, na babu naye anasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia daraja lake.

Barabara ya kutoka Bukoba kwenda Mutukula hadi Masaka huvuka Mto Kagera pale Kyaka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia nchini na kuishika ardhi yote ya kaskazini ya mto, na Amin akatangaza kwamba sasa ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kuwa uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Kesho yake daraja likaanguka. Ndege zilikuwa zimejaribu kulilipua zikalikosa, ndipo likategwa baruti.

Amin alitaka mto uwe mpaka. Kwa maoni yangu, hapo alijifunga mwenyewe. Bila daraja naye hakuwa na njia ya kusonga kusini, na jeshi letu likapata nafasi ya kujikusanya kutoka kila pembe ya nchi. Sisi wa Tabora tuliliona hilo kwa macho, maana reli ya kwenda Mwanza inachepuka hapa kwetu. Treni zilipita zimejaa askari na mgambo. Akina mama walikuja stesheni na michembe na asali, wakiwapa vijana wasiowajua hata majina. Mpaka leo nikiwakumbuka wale vijana moyo unanienda mbio, kwa sababu wapo ambao hawakurudi.

Sasa daraja la babu. Mwezi huohuo wa Novemba wanajeshi wetu walitandika daraja la muda, la vyuma vya kuunganisha. Daraja la namna hiyo huja vipandevipande kwenye malori. Kipande kimoja hubebwa na watu kama sita, vinapachikwa kwa pini kubwa za chuma, kisha daraja zima linasukumwa juu ya magurudumu kutoka ukingo mmoja hadi liguse wa pili. Hakuna zege la kusubiri likauke. Vifaru na malori yenye mizinga vilihitaji njia ya namna hiyo, kwa kuwa Kagera si kijito cha kuvuka kwa kukunja suruali. Kuzima taa nako ni jambo la kawaida vitani: adui akiona msururu wa taa mtoni anajua pa kupiga.

Vita viliendelea hadi Kampala ikaanguka, 11 Aprili 1979. Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la mto huo.

Mjukuu, kaa na babu ukiwa na daftari. Muulize alivuka kwa miguu au kwenye lori, alikuwa na nani, na ng'ambo walikuta nini. Andika na majina ya wenzake wa Urambo, hasa wasiorudi.