Barua kwa mwanangu aliyeko Uppsala, Sweden

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi barazani peke yangu. Unauliza: "Mama, kiangazi kile cha Uppsala ulipataje marafiki? Mimi hii wiki ya tatu. Nasalimia watu kwenye ngazi, wanaitikia nusu, wanaingia kwao." Kisha, kama jambo dogo, ukataja kwamba mwenzako wa maabara kakuuliza Midsommar, ile sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, utakuwa wapi, ukamjibu utapumzika chumbani.

Hapo moyo ulinilipuka. Mwanangu, ule ulikuwa mwaliko. Kesho mrudie umwambie huna pa kwenda. Huko si kama hapa Tanga, mtu anapiga hodi, anakuta watu wanakula, ananawa. Watu wa Sweden wanaona kumwacha mtu na utulivu wake ndiyo heshima. Ukisema utapumzika, ataamini, wala hatakusumbua tena. Na ukichelewa utabaki peke yako kweli, maana Julai mji unahama, kila mtu yuko likizo.

Mimi mwaka 1996 nilipoteza karibu mwezi mzima kwa kutolijua hilo. Nilikwenda kwa mafunzo ya misitu ya miezi mitatu. Kila siku saa nne asubuhi na saa tisa alasiri wenzangu waliacha kazi wakaenda kunywa kahawa, wenyewe wanaita fika, nami nikabaki mezani nikiandika ili waone bidii yangu. Kumbe walidhani siwataki. Pale kwenye fika ndipo wanapozungumza watoto, wagonjwa, mipango ya Jumamosi. Ukiikosa fika, umewakosa wao.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa makamo wa chumba cha pili. Alinifuata, akasimama mlangoni hadi nikainuka. Mezani palikuwa na mikate midogo mitamu, imesokotwa kama ukili. Nikaumega mmoja, harufu ikanipanda puani: iliki! Iliki kama ile ya kule Amani, Usambara, anayotuletea shangazi yako, imetwangwa bila kulainishwa, punje nyeusi unaziona kwenye unga. Sikujua kwamba Waswidi wanaipenda iliki hivyo. Nikawaeleza inavyoota chini ya miti mikubwa ya Usambara, na jinsi bibi yako anavyoitia kwenye maandazi. Wakanyamaza wote wakinisikiliza. Usiku ule nikakanda maandazi kwa tui la kopo, jikoni tulimokuwa tukichangia na wapangaji wengine, jua bado liko dirishani saa tatu usiku. Kesho yake yaliisha kabla kahawa haijapoa, na yule mama akaniuliza nitakuwa wapi Midsommar.

Siku yenyewe ni Ijumaa, ile inayoangukia kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Mchana wanauvika mlingoti mrefu majani na maua, wananing'iniza mataji mawili kwenye mabawa yake, kisha wanausimamisha kwa kusaidiana, huyu anasukuma, yule anashikilia. Halafu wazee kwa watoto wanashikana mikono, wanauzunguka wakiimba. Kuna ngoma moja ya vyura, mnachuchumaa na kurukaruka, mikono masikioni. Usisimame pembeni na simu yako. Mimi niliingia na gauni langu la kitenge, babu mmoja akanishika mkono wa kushoto, mtoto wa miaka mitano wa kulia, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke ndege nilikuwa nimeguswa na mtu. Hilo silisahau.

Chakula kitakushangaza. Samaki wanaitwa sill, wamelowekwa kwenye siki na sukari, na mtu wa pwani si rahisi kumeza samaki mtamu. Onja kipande kimoja, kisha uhamie kwenye viazi vichanga vilivyochemshwa na majani yenye harufu karibu na shamari. Stroberi na krimu utazipenda. Watainua vikombe vidogo vya pombe kali na kuimba kila wanapovinyanyua. Inua juisi yako uwatazame machoni, hakuna atakayekulazimisha. Ukiambiwa saa tisa, ufike saa tisa kamili. Viatu unavua mlangoni, kama nyumbani. Usiku wasichana wanachuma maua ya aina saba kimya kimya, wanayalaza chini ya mto waote mume. Hilo sikuambii la kufanya.

Ukimwona tena mwenyeji wako, hata ikipita wiki, neno la kwanza liwe *tack för senast*, yaani asante ya siku ile. Wanalithamini sana. Na kama kakupa chakula kwenye bakuli, lisirudi tupu, hiyo ni ya kwetu, lakini waliielewa bila kuelezwa. Yule mama nilimrudishia lake na kaimati. Mwisho wa Julai akanichukua msituni kuchuma blåbär, vitunda vya buluu. Kule msitu hata ukiwa wa mtu unaruhusiwa kupita na kuchuma. Tulirudi midomo imekuwa ya zambarau, na kadi zake za Krismasi zilinifikia kwa miaka kumi na minne.

Iliki nimekuwekea kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku, ndani ya soksi nyeupe. Twanga robo kijiko kwa nusu kilo ya unga, hamira usiikimbize. Baba yako anakusalimu. Nipigie ukishamjibu mwenzako.

Mama yako