Skani imeonyesha utando wa tumbo umevimba: maji yapimwe kabla ya ugonjwa kupewa jina

Ripoti ya ultrasaundi au CT scan inaposema utando wa tumbo umenenepa, kuna maji na matezi ya tumboni yamekua, imeeleza kilichoonekana tu. Chanzo bado. TB, saratani na usaha uliopanda kutoka kwenye nyonga vinaweza kutoa picha zinazofanana, na tiba zake hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana tunawasihi ndugu wa mgonjwa wasianze kuuza mifugo kwa sababu ya karatasi ya skani. Tena wasikubali kurudishwa nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo kana kwamba hakuna kilichoonekana.

Utando huo, ambao madaktari huuita peritoniamu, una tabaka mbili laini: moja limeshikamana na ukuta wa tumbo, jingine limefunika utumbo, ini na viungo vingine. Kati yake huwa na maji machache ya kulainisha tu. Ukiwaka kwa ugonjwa, unavujisha maji zaidi, unanenepa, na utumbo huanza kugandana.

Kwanza tuondoe dharura. Maumivu yaliyoanza ghafla, tumbo gumu kama ubao, homa, kutapika, kushindwa kutoa hata ushuzi: huyo hasubiri foleni ya vipimo. Huenda kidole tumbo kimepasuka, au utumbo umetobolewa na taifodi, au kidonda cha tumbo kimetoboka, mara nyingi kwa mtu aliyekuwa akimeza diklofenaki za dukani kwa ajili ya mgongo. Asile, asinywe, asipewe dawa ya kumfanya aharishe wala ya mitishamba. Kama mko wilaya za Dodoma kama Bahi, Kongwa au Mpwapwa, tafuteni usafiri usiku huohuo kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji. Eksirei ya kifua akiwa amesimama inaweza kuonyesha hewa iliyotoroka chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), na hiyo hutosha kumwita daktari wa upasuaji.

Wengi lakini huja taratibu: tumbo linajaa kwa wiki au miezi, suruali inabana huku mwili unakonda, jasho la usiku, hamu ya kula imepotea. Hapa jibu lipo kwenye maji yenyewe. Daktari huyavuta kwa sindano, vizuri zaidi akiongozwa na ultrasaundi, baada ya ganzi ya ngozi. Sampuli ndogo ndiyo kosa linaloumiza wagonjwa wengi. Kwa TB na kwa seli za saratani, ombeni ivutwe angalau mililita 50, maana vijidudu na seli hizo huwa chache mno ndani ya maji mengi.

Kipimo cha bei ndogo na chenye maana kubwa ni albumini, aina ya protini, ipimwe kwenye damu na kwenye maji ya tumbo siku ileile. Toa ya maji kwenye ya damu. Damu ikiwa gramu 32 kwa lita na maji 25, tofauti ni 7. Ikiwa chini ya 11, mara nyingi utando wenyewe ndio mgonjwa, na TB au saratani zinapanda juu kwenye orodha. Ikifika 11 au kuzidi, shinikizo liko kwenye mishipa ya ini: sirosisi (ini lililojaa makovu) ya homa ya ini B au pombe, moyo uliochoka, au kichocho cha muda mrefu kwa aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria. Mwenye sirosisi anaweza kupata TB pia, kwa hiyo namba hii isisimame peke yake.

Zihesabiwe pia seli nyeupe. Neutrofili, aina mojawapo ya seli hizo, zikifika 250 kwa mikrolita kwa mgonjwa wa ini, antibayotiki za mshipani zianze siku hiyo hiyo. Zikitawala limfosaiti, aina nyingine, TB inashukiwa zaidi. Hapo watu hukimbilia GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, na tunaiheshimu sana, lakini kwenye maji ya tumbo hukosa wagonjwa wengi. Ikisema ipo, ipo. Ikisema haipo, bado hamjamaliza. Kuotesha vijidudu kunaweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Njia ya uhakika zaidi ni kuingiza kamera kupitia tundu dogo tumboni na kuchukua kinyama cha utando, na hilo ndilo linalostahili gharama ya rufaa. Kipimo cha VVU kifanyike kwa kila mmoja.

Kwa akina mama kuna mtego tunaouogopa. Damu hupimwa CA-125, protini inayopanda kwenye saratani ya ovari, majibu yanakuja juu, na mtu anaambiwa ana saratani ya ovari. TB ya tumbo nayo huipandisha namba hiyo, wakati mwingine sana. Asiondolewe kizazi wala asipelekwe Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kuanza dawa kabla kinyama hakijasomwa.

TB hii huweza kutoka kwenye mapafu, lakini huku kwetu kwenye mifugo maziwa mabichi ni njia nyingine. Kuyagandisha kuwa mtindi hakuui vijidudu kwa uhakika. Maziwa yachemke kwanza mpaka yafurike, yapoe, kisha ndipo yagandishwe. Mwambieni daktari kama mgonjwa hunywa mabichi, kwa sababu TB ya ng'ombe haisikii pirazinamaidi, mojawapo ya dawa nne za mwanzo.

Tiba ya kawaida ni miezi 6, bure: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Mwenye kilo 40 hadi 54 humeza vidonge 3 kwa siku, kilo 55 hadi 70 vidonge 4. Apimwe uzito tena akinenepa. Mkojo wa rangi ya chungwa si tatizo. Macho ya njano, kutapika mfululizo au kuona ukungu ni sababu ya kurudi kliniki leo, si wiki ijayo. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, huongezewa dozi yake, hivyo wataje dawa zote anazomeza.

Ripoti ikitaja mafuta ya mesenteri (utando unaoshikilia utumbo) tu kuwa yamevimba, bila maji wala utando kunenepa, mara nyingi hakuna cha kutibu, hurudiwa kuangaliwa.

Kwa CT yenye dawa ya mshipani, kreatinini (kipimo cha figo) ipimwe kwanza, na mwenye kisukari aulize kuhusu metformini. Chukueni CD ya picha pamoja na ripoti, daktari wa rufaa atataka kujionea mwenyewe.

Maji huanza kupungua ndani ya wiki chache za dawa za TB, na ultrasaundi ya mwezi wa pili inatosha kulinganisha. Kama hayajapungua, kwanza angalieni kama vidonge vinamezwa kila siku, kisha ugonjwa utafutwe upya, pamoja na usugu wa dawa. Na hata aliyepona anaweza kubaki na utumbo uliogandana: akianza kutapika huku tumbo linajaa na choo kimesimama, apelekwe kwa daktari wa upasuaji, hata kama dawa zilikwisha miaka iliyopita.