Karamu ya Kikorea nyumbani: usipange kozi

Dada, umeuliza utawapikiaje wageni sita chakula cha Kikorea bila kushinda jikoni. Usipange kozi, yaani vyakula vya kuletwa kimoja baada ya kingine. Wali, supu, kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili) na banchan, vile vitoweo vidogo vidogo, huwekwa mezani kwa pamoja. Hapo ndipo penye nafuu: banchan nyingi huliwa zimepoa, kwa hiyo spinachi ichemshe kidogo asubuhi, ikamue vizuri, uiunge kwa kitunguu saumu, sosi ya soya na mafuta ya ufuta. Nyama ya bulgogi, ile ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, iloweke kwenye viungo mapema, ikaange wageni wakishafika. Kimchi nunua tu. Kila mgeni awekewe wali kushoto, supu kulia. Mkubwa wao kwa umri aanze kula, na vijiti visisimikwe wima kwenye wali. Hivyo hufanyiwa marehemu.